Kabla ya Matone, Nani Amechungulia Ndani ya Sikio?

Kama sikio linakuuma na hakuna mtu aliyechungulia ndani yake, usikubali kutiwa tone la kitu chochote, iwe dawa ya dukani, mafuta ya moto au maji ya kitunguu saumu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ningependa msomaji aondoke nalo hata akiishia hapa. Sikio langu la kulia lilianza kuuma likiwa zima kabisa. Liliugua baadaye, na lilichougua kilitokana na vile tulivyolitia tukitaka kuliponya.

Nafundisha watoto wa awali katika shule ya binafsi, Ujiji, mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Bima sina, kwa hiyo kila shilingi nitakayoitaja humu ilitoka mfukoni mwangu.

Maumivu yalianza mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Mwanzoni yalikaa mbele ya sikio, pale taya linapoungana na fuvu, kisha yakazama ndani, kisha yakapanda hadi kwenye panja. Mchana yalikuwa ya kuvuta tu, nayavumilia darasani. Usiku nikishalaza kichwa yalianza kugonga, na usingizi ukawa wa kuiba. Chakula laini hakikunisumbua. Ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese ulipita vizuri. Mgebuka mkavu, samaki wa ziwa letu, ndio uliokuwa kazi. Nikiuma kipande tu, maumivu yanachoma kutoka kwenye taya hadi ndani ya sikio, machozi yananitoka. Jambo hilo lilijirudia kila mlo, lakini kwetu sikio likiuma hutibiwa sikio.

"Baridi imekuingia, mwanangu," alisema mama. Akatia mawese kwenye kijiko, akayapasha juu ya mkaa, akayajaribu joto kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake, ndipo akanilaza ubavu na kunidondoshea. Nilipata nafuu, na hilo siwezi kulikana. Joto hutuliza maumivu ya aina nyingi, na ile nafuu ya saa moja ndiyo inayofanya tiba hii irithiwe kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Lakini kitambaa kilichochovywa maji ya moto kiasi, kikakamuliwa na kuwekwa nje ya sikio, kingetoa joto lile lile bila kuacha kitu ndani. Na kama ngoma ya sikio, ule utando mwembamba unaoziba njia ya sikio kwa ndani, ingekuwa imetoboka, mafuta yale yangepita hadi sikio la kati lililo nyuma yake, mahali ambapo hata maji safi hayatakiwi kufika.

Maumivu yaliporudi nikaenda duka la dawa. Dada wa dukani alikuwa mpole na mwenye haraka. Aliniuliza kama sikio linatoa usaha, nikajibu halitoi, akanipa matone ya jentamaisini kwa shilingi 3,000 na dozi ya vidonge vya amoksilini, zote dawa za kuua bakteria. Hakuchungulia. Simlaumu kwa kukosa kifaa, maana maduka mengi hayana, ila hakuniambia pia kwamba ni lazima mtu achungulie. Kwa siku chache nikaona unafuu, nikaamini dawa imelenga. Leo naelewa kilichotokea: vidonge vilikuwa vinapoza maambukizi mahali pengine kabisa, na matone yalikuwa yanalowesha sikio lisilo na ugonjwa. Dozi ilipokwisha, maumivu yakarudi palepale. Nikapewa matone mengine, ya bei zaidi, yenye dawa mbili ndani. Katikati ya hayo mama aliendelea na mawese yake usiku kwa usiku, na mimi nilimshukuru kila mara.

Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo sikio likabadili tabia. Likaanza kuwasha. Si kuwasha kwa juujuu. Kulikuwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki, na kulinifanya nitamani kuingiza unyoya wa kuku kama tulivyozoea kuwaona wazee wakifanya wakikaa barazani. Kisha likaziba. Nikisema neno, sauti yangu inarudi ndani ya kichwa. Nikitafuna, nasikia taya linavyosaga. Halafu ukaja mlio mwembamba usiokoma, ambao mchana unamezwa na kelele za watoto na usiku unabaki peke yake chumbani.

Huo mlio ndio ulionitia hofu. Watoto wa miaka mitano wanaongea chini chini, hasa wakiwa na shida: "Mwalimu, tumbo linauma", "Mwalimu, nimejikojolea". Mtoto wa namna hiyo hawezi kurudia mara tatu. Nilianza kugeuza kichwa ili niwategee sikio la kushoto, na jioni moja nililia nikiwa napanga madaftari, kwa sababu mtoto alisimama karibu nami muda mrefu kabla sijajua kwamba ananisemesha.

Ndipo nikaenda kumwona daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali moja ya mjini Kigoma. Kumwona kulinigharimu shilingi 10,000. Nieleze alichokifanya kwa utaratibu, kwa kuwa mtu akikijua ataweza kukidai popote aendapo.

Kwanza aliuliza maswali kabla hajaligusa sikio. Lilianza lini na kulikuwa na mafua kabla yake? Maumivu ya kuchoma, kuvuta au kugonga? Yanazidi nikitafuna, nikimeza, nikilala, au nikivuta sikio? Kuna usaha, damu, harufu? Kusikia kumepungua polepole au kwa ghafla? Mlio unafuata mapigo ya moyo au uko moja kwa moja? Kizunguzungu? Nimetumia dawa gani, kwa mfuatano gani? Swali la mwisho nilimjibu kwa kumtolea chupa zote kwenye mkoba. Alizipanga mezani kwa mfuatano wa kununuliwa, akazitazama, akasema, "Mwalimu, hapa naona ugonjwa mmoja umekuja na mwingine umeletwa."

Kisha akabonyeza kile kinundu kidogo cha mbele ya tundu la sikio, akavuta sikio lenyewe. Ukiumia sana hapo, mara nyingi shida iko kwenye njia ya nje ya sikio, na wanaoogelea hupatwa nayo sana. Mimi niliumia kidogo tu. Akavuta sikio juu na nyuma, kwa kuwa kwa mtu mzima ndivyo njia inavyonyooka, akaingiza otoskopu, kile kitochi chenye mdomo mwembamba. Aliniruhusu niuone uchafu alioutoa wa kwanza: utando wa kijivu wenye vidoa vyeusi, kama kipande cha gazeti kilicholowa maji. Fangasi. Wanapenda giza, joto na unyevu, na mimi nilikuwa nimewapa vyote, tena matone ya kuua bakteria yalikuwa yamewaondolea wapinzani wao. Ningeendelea na matone yale, wangezidi kustawi.

Kusafisha kulifanywa kwa mrija mwembamba wa kunyonya, shilingi 20,000. Jiandae kwa mambo mawili. Mlio wa mrija ukiwa karibu na ngoma ya sikio ni mkubwa mno. Pili, unaweza kupata kizunguzungu cha ghafla, kwa sababu hewa inayopita inapoza sikio, na kiungo cha kutunza mizani ya mwili kipo jirani, sikio la ndani. Mwambie daktari, ataacha kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo anayesafishwa nta kwa maji ya bomba la sindano anapaswa kutumiwa maji yenye joto la mwili, na asiguswe kwa maji kabisa kama ngoma imetoboka. Nikapewa matone ya klotrimazoli, dawa ya kuua fangasi, ya wiki 2, na sharti la kuweka sikio kavu: pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka wakati wa kuoga, na kutoogelea ziwani. Kusikia kulirudi siku ile ile mlangoni pa kliniki, pikipiki ya kwanza kupita ilinishtua. Mlio ulichelewa, ukafifia taratibu.

Lakini maumivu ya zamani yalikuwa bado. Daktari alikuwa ameshanionya: chini ya fangasi ngoma yangu ilikuwa nzima, haina wekundu, haijavimba. "Sikio zuri likiuma kwa mtu mzima, tunatafuta nje yake. Meno yako yana hali gani?" Nikamjibu kwamba jino haliumi. Akaniambia hilo halitoshi, niende kwa daktari wa meno.

Daktari wa meno alichukua kioo chake kidogo cha mpini, akaanza kugonga magego ya chini kwa mpini ule, moja baada ya jingine. La kwanza hakuna kitu. La pili hakuna kitu. Alipogonga la mwisho, maumivu yaliruka moja kwa moja hadi ndani ya sikio, nikashika kichwa. Kwenye picha lilionekana tundu upande wa nyuma, mahali ambapo mswaki haufiki, na uvimbe wa usaha kwenye ncha ya mzizi. Alinieleza kwamba neva inayohudumia meno ya chini ina tawi linalopanda mbele ya sikio na kuhudumia sehemu ya njia yake, kwa hiyo ubongo unapokea taarifa bila kujua imetoka nyumba ipi. Koo, mafindofindo, kiungo cha taya na shingo pia vinaweza kuumia sikioni kwa njia za namna hiyo. Ndiyo maana mtu mzima, hasa mvutaji sigara, mwenye sikio linalouma upande mmoja kwa wiki nyingi huku sikio lenyewe likionekana zima, hukaguliwa koo kwa makini, kwani saratani ya koo inaweza kuanza kujitangaza hivyo.

Nilichagua kung'oa. Kutibu mzizi na kulibakiza jino kulikuwa kwa bei nisiyoimudu, na nililiacha kwa uchungu. Picha na kung'oa vilinigharimu shilingi 35,000. Sindano ya ganzi ilipokolea, kabla jino halijaguswa, sikio lilinyamaza. Baada ya wiki zote zile lilinyamaza likiwa halijatiwa chochote. Nilipomweleza mama alikaa kimya muda, kisha akauliza kama mafuta yake ndiyo yaliyoniumiza. Nilimwambia ukweli, kwamba yalichangia, na kwamba ule mkono wake ulinisaidia kuvuka usiku. Sasa akisikia mtoto wa jirani analia sikio, yeye ndiye anayesema apelekwe akaangaliwe.

Sisi wa Ujiji tunajua habari za Livingstone na Stanley kukutana hapa mwaka 1871, na wageni wanaletwa kuona kumbukumbu yao. Kuna mgeni mwingine wa kabla yao ambaye nadhani angefaa kutajwa kwa watoto wetu kwa sababu ya sikio lake. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika Ujiji na mwenzake Richard Burton mwaka 1858. Akiwa safarini ziwani, usiku kwenye kisiwa, mdudu aliingia sikioni mwake. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana, akachukua kisu kidogo na kumchokoa. Mdudu alikufa, lakini sikio liliumia vibaya: usaha, uso kuvimba, akashindwa kutafuna, akawa karibu kiziwi upande huo. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka miezi mingi baadaye, na kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi. Daktari yeyote leo akisikia mluzi huo atajua kwamba ngoma imetoboka: hewa inatoka puani, inapita kwenye mrija unaounganisha koo na sikio la kati, inatokea nje.

Mdudu akiingia, muuaji mzuri ni mafuta ya kula yaliyo vuguvugu, endapo sikio halijawahi kutoa usaha wala ngoma yake kutoboka. Humzamisha akaacha kutapatapa, kisha mtu anakwenda kutolewa. Hapo ndipo pekee ninapokubali mafuta. Punje ya harage ni habari nyingine, na kwenye mkoa wetu wa maharage watoto wanazitia masikioni kila msimu: usimwagie maji, itavimba na kukaza. Betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea ni ya kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo, bila tone la kitu, kwani inaunguza nyama ndani ya saa chache. Na vijiti vya pamba, viberiti, pini za nywele na funguo, viache vyote. Nta hutoka yenyewe, ngozi ya ndani huisukuma nje. Kijiti kinachukua kidogo na kushindilia kilichobaki.

Nilijifunza pia kutaja ninachohisi bila kukusanya kila kitu kwenye "sikio linauma". Kuziba baada ya mafua, au ukipanda gari kutoka ziwani kwenda milima ya Manyovu, ni mrija wa sikio la kati haujafunguka. Kumeza mate au kupiga miayo husaidia, na kamlio ka kufunguka unapomeza si ugonjwa. Kuwasha kwa ndani pamoja na kuziba ndiyo ilikuwa hali yangu ya fangasi. Maumivu makali ya mtoto usiku yanayokoma ghafla mto ukilowa, mara nyingi ni usaha umeipasua ngoma, na kunyamaza kwa mtoto kusichukuliwe kuwa ni kupona. Mlio unaofuata mapigo ya moyo, au ulio upande mmoja tu, unastahili uchunguzi wake. Watu wa rika langu tunaikumbuka kwinini, jinsi masikio yalivyovuma siku nzima na kusikia kukashuka hadi dozi iishe. Siku hizi malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto, lakini zipo dawa nyingine zinazogusa masikio: aspirini kwa wingi, na sindano za jamii ya jentamaisini na streptomaisini. Hata matone ya jentamaisini yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kudhuru sikio la ndani. Nilitiwa hayo bila mtu kujua kama ngoma yangu ni nzima.

Yapo ambayo hayasubiri kupambazuka na foleni ya wiki ijayo. Kupoteza kusikia ghafla, ndani ya siku moja au tatu, bila nta wala mafua, ni dharura. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza mapema, na mtu akingoja mwezi nafasi inapotea. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele. Uso kulegea upande mmoja. Homa kali na shingo ngumu. Kizunguzungu cha kuangusha mtu pamoja na usaha. Mgonjwa wa kisukari mwenye sikio linalouma kupita kiasi usiku. Hao wapelekwe hospitali.

Baada ya kupona nilianza kuwaangalia watoto wangu darasani kwa jicho jingine. Kuna mvulana ambaye walimu wote tulikuwa tunasema hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Unamwita, hageuki. Wenzake hawakupenda kukaa naye, na nilipomwinamia nikajua kwa nini: sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa majimaji yenye harufu. Bibi yake anayemlea aliniambia limekuwa likitoka na kukauka tangu alipoanza kutembea, na aliambiwa ni utoto, litaacha. Nilimwambia, "Bibi, usaha ukipita wiki 2 huo ni ugonjwa unaokula usikivu, twende wote."

Walimchungulia. Ngoma ilikuwa na tundu. Alipewa matone ya siprofloksasini, ambayo hayana madhara yale ya jentamaisini, na bibi akafundishwa kukausha sikio mara tatu kwa siku kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba: unasokotwa, unaingizwa taratibu, unaachwa unyonye, unatolewa na kutupwa, unawekwa mwingine hadi utoke mkavu, ndipo dawa itiwe. Dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki. Sikio limekauka sasa. Tundu bado lipo, na lisipojifunga daktari amesema atampa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa upasuaji wa kuliziba. Bibi ameanza kudunduliza nauli. Nami nimemhamishia mtoto mstari wa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake la kulia liwe upande wangu, na nikimwita anageuka.